Kabla ya Sekunde Sifuri

Programu yoyote ya simulesheni ya kihandisi, iwe ya mtiririko wa maji, ya mikazo ya chuma, ya saketi za umeme au ya mwendo wa mitambo, ina mahali inapouliza swali moja: kitu hiki kilikuwa katika hali gani saa ilipoanza kuhesabu? Jibu lake huitwa hali ya mwanzo. Mara nyingi mahali penyewe pamejificha ndani ya menyu, na kisanduku kimekwisha kujazwa. Kasi ni sifuri, mkazo ni sifuri, chaji ni sifuri. Aliyekaa mbele ya kompyuta ameshinda akichora umbo na kulikata kuwa seli ndogo ndogo, amehangaika na masharti ya mipakani mpaka yamekubali, na sasa ana hamu ya kuona matokeo. Ile sifuri anaipita bila kuitazama.

Mimi kisanduku hicho nakiheshimu kuliko vyote. Sehemu nyingine za modeli zinazungumzia yatakayotokea: mzigo utakaowekwa, maji yatakayoingia, injini itakayowashwa. Hapa peke yake ndipo tunapoulizwa yaliyokwisha kutokea. Anayeiacha sifuri ametamka kwamba kabla ya dakika hii kitu chake hakikuwahi kubeba uzito, hakikuwahi kupata joto, hakikuchomelewa wala kukunjwa. Kimezuka tu. Zipo kazi ambazo tamko hilo ni kweli, na hapo sifuri ni jibu zuri. Lakini ni chache mno ukilinganisha na mara ambazo sifuri huachwa.

Chukua modeli ndogo kabisa ya mhandisi wa magari, ile ya robo ya gari. Kilo 300 zimekaa juu ya springi yenye ugumu wa niutoni 20,000 kwa kila mita, pembeni kuna shokapu, na tunataka kuona gari likipita juu ya tuta. Springi imeachwa katika urefu wake wa asili, kasi ni sifuri, mvutano wa dunia umewashwa. Saa inaanza, na kabla tuta halijafika, gari linaanguka. Springi ambayo haijabanwa haibebi kitu. Ili ibebe uzito wa niutoni 2,943 lazima ibanwe karibu sentimita 14.7. Gari likifika hapo halisimami, kwa kuwa limeshapata kasi. Bila shokapu lingeshuka hadi sentimita 29 hivi, lirudi juu, lishuke tena, zaidi ya mara moja kila sekunde. Tuta likiwekwa sekunde ya 1 litalikuta gari bado linapanda na kushuka, na grafu itaonyesha matukio mawili yaliyochanganyika: tuta tulilokusudia, na gari lililodondoshwa kutoka hewani ambalo hakuna aliyelikusudia.

Wengine hukwepa tatizo hili kwa kuondoa mvutano wa dunia na kupima kila kitu kuanzia pale gari linapotulia. Njia hiyo ni sahihi kabisa ikiwa springi ina ugumu uleule mwanzo hadi mwisho. Ikiwa springi inazidi kuwa ngumu kadiri inavyobanwa, au kuna kizuizi cha mpira kinachogongwa safari ya springi inapoisha, njia hiyo inaharibu hesabu kimyakimya, kwa sababu sasa ni muhimu kujua springi imetumia kiasi gani cha safari yake kabla ya tuta. Kwa hiyo napendelea mpangilio wa zamani: kwanza tafuta mahali kitu kinapotulia chini ya uzito wake, ndipo uanzishe saa kutoka hapo.

Wahandisi wa udongo hawana hata nafasi ya kubishana juu ya hili. Tuseme tuna tabaka la udongo mkavu lenye kina cha mita 20, uzito wake kiloniutoni 20 kwa kila mita ya ujazo, ugumu wake megapaskali 20 unapobanwa bila kuweza kutanuka pembeni. Ukiwasha mvutano wa dunia kwa udongo ambao mkazo wake umeandikwa sifuri, uso wa ardhi unazama sentimita 20. Hakuna aliyechimba wala kujenga bado. Ardhi iliyokaa pale maelfu ya miaka imetambua leo kwamba ina uzito! Ukichimba shimo la msingi baada ya hapo na kusoma jumla ya mhamo, yaani ardhi imesogea kiasi gani, zile sentimita 20 za uongo zitafunika milimita chache za kweli ambazo jengo la jirani linazitegemea.

Ndiyo maana programu za fani hiyo zina hatua maalumu ya mwanzo. Unaipa ardhi mikazo inayolingana na uzito wake, kwa mfano kilopaskali 200 za wima katika kina cha mita 10, kisha programu inahakiki kama mikazo hiyo inatosheleza kuubeba uzito. Ikitosheleza, mhamo unatoka karibu sifuri huku mkazo ukiwa umejaa. Sifuri ya namna hiyo naipenda, kwa sababu imefanyiwa kazi.

Mkazo wa wima unatokana na uzito na kina, haubishaniwi. Ugumu uko kwenye mkazo wa mlalo. Mwaka 1944 mhandisi wa Hungaria, József Jáky, alitoa kanuni ambayo bado inatumika kila siku: uwiano wa mkazo wa mlalo kwa ule wa wima ni 1 kutoa sine ya pembe ya msuguano wa udongo, ile inayopima jinsi chembe zake zinavyokataa kuteleza. Kwa pembe ya nyuzi 30 uwiano ni 0.5, yaani kilopaskali 100 za mlalo kwa 200 za wima. Kanuni hiyo inafaa kwa udongo uliotuama taratibu na haujawahi kubanwa zaidi ya ulivyo leo. Mfinyanzi ulio chini ya jiji la London haukupitia maisha hayo. Juu yake palikuwa na matabaka mengine mazito ambayo yalimomonyoka na kwenda zake. Mkazo wa wima ukapungua pamoja nayo, lakini ule wa mlalo ulibaki umefungwa ndani kwa sehemu kubwa. Karibu na uso wa ardhi uwiano wake unazidi 1. Pima uzito wa udongo huo, pima kina, pima pembe ya msuguano kwa uangalifu wote: hutaupata uwiano huo kwa kanuni ya Jáky, kwa sababu umetokana na mambo yaliyopita ambayo hayamo katika vipimo hivyo. Lazima mtu aende na vifaa ardhini aupime wenyewe, au aisome historia ya eneo. Mwenye kubuni handaki akiandika 0.5 pale pa kuandika 1.5, modeli itamwambia handaki linapenda kubonyea upande ambao halitabonyea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye kioo. Kioo cha kawaida na kile kilichokazwa kwa joto, kama cha madirisha ya pembeni ya magari, ni kitu kimoja ukivipeleka maabara: densiti ileile, ugumu uleule, kemia ileile. Tofauti ni kwamba kimoja kilipashwa joto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha uso wake ukapozwa ghafla kwa hewa. Uso ukaganda kwanza. Ndani kukachelewa, na kulipopoa kukanywea na kuuvuta uso. Matokeo ni kwamba uso umebanwa daima, kwa kiwango cha megapaskali 69 au zaidi katika kioo kilichokazwa kikamilifu, huku kiini kikiwa kinavutwa. Mchubuko wa juujuu hauwezi kufunguka kuwa ufa kabla nguvu ya nje haijamaliza ule mbano wote. Na ufa ukishafika ndani, nishati iliyofungwa mle inakisambaratisha kioo kizima kuwa vipande vidogo. Sasa fungua programu, chagua kioo katika orodha ya malighafi, jaza namba zake zote kwa usahihi, na uache mkazo wa mwanzo ukiwa sifuri. Umetengeneza kioo cha kawaida. Hakuna namba katika jedwali la malighafi itakayokigeuza kuwa kilichokazwa, maana kila kinachokifanya kiwe hivyo kimo ndani ya hali ya mwanzo peke yake.

Chuma kilichochomelewa nacho ni hivyohivyo. Karibu na mshono, mikazo inayobaki baada ya chuma kupoa inaweza kukaribia kiwango ambacho chuma chenyewe huanza kukunjika bila kurudi, hata bila mzigo wowote wa nje. Kuna wanaofanya hesabu ya uchovu wa chuma, yaani kuchoka kwake kwa mizigo inayorudiarudia, kwa miundo ya namna hiyo wakiwa na sifuri kila seli.

Halijoto ina mtego wake. Katika hesabu za miundo, chuma hakijali ni nyuzi ngapi leo. Kinajali ni nyuzi ngapi zimeongezeka au kupungua tangu siku kilipokuwa huru bila mkazo. Reli ndefu zilizoungwa bila nafasi ndizo zinazolionyesha jambo hili wazi. Reli haiwezi kurefuka, kwa hiyo joto likipanda inabanwa, likishuka inavutwa. Mafundi wa reli huchagua kwa makusudi halijoto ambayo reli haitakuwa na mkazo. Uingereza hulenga nyuzi 27, na kama siku ya kufunga reli ni baridi, huinyoosha kwa mashine ili ikae kana kwamba ilifungwa siku ya nyuzi 27. Wanaiweka hali ya mwanzo kwa mikono yao. Siku ya jua kali, chuma kikiwa nyuzi 50, tofauti ni nyuzi 23. Zidisha kwa mtanuko wa sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi na ugumu wa gigapaskali 200, unapata mbano wa megapaskali 55 hivi. Programu ambayo imeachiwa sifuri kama halijoto ya mwanzo itasema 120. Namba zote mbili zinaonekana za heshima. Hakuna onyo litakalotokea.

Na kwa kuwa tuko kwenye halijoto: hakikisha unajua kisanduku kinataka kelvini au Selsiasi. Hewa iliyoandikiwa 25 ikidhaniwa ni Selsiasi, kumbe programu inasoma kelvini, inakuwa nzito mara 12 ya hewa ya chumbani, na hesabu inaendelea kama kawaida.

Mtu anaweza kuuliza: je, si kweli kwamba mambo mengi husahaulika yenyewe kadiri simulesheni inavyoendelea? Ni kweli, na hapa ndipo pa kutumia akili kabla ya kutumia muda wa kompyuta. Kila mfumo una urefu wa kumbukumbu. Kwa joto linalosafiri ndani ya kitu kigumu, kumbukumbu hiyo inakadiriwa kwa kuchukua umbali joto linaotakiwa kupita, kuuzidisha kwa wenyewe, na kugawanya kwa uwezo wa malighafi kusambaza joto. Bamba la chuma la sentimita 10 linalopoa upande mmoja tu linasahau ndani ya dakika 14 hivi. Ukuta wa zege wa mita 1 unaopoa pande zote mbili unahitaji takriban siku 4. Na zege la ukuta wa bwawa kubwa? Umbali ukiongezeka mara 100, muda unaongezeka mara 10,000. Waliojenga bwawa la Hoover huko Marekani miaka ya 1930 walijua kwamba ukuta ule ungekaa na joto lake kwa zaidi ya karne, ndiyo maana walilimwaga zege kwa vipande na kulaza ndani yake mabomba ya kupitisha maji baridi. Kwao halijoto ya zege siku linapomwagwa ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa modeli mpya ni hili: kinahifadhi nini, na kwa muda gani? Tangi linahifadhi maji. Gurudumu zito linahifadhi mzunguko, kapasita inahifadhi chaji, koili inahifadhi mkondo, ukuta unahifadhi joto, udongo unahifadhi mbano wa zamani. Kila ghala la namna hiyo linadai namba yake mwanzoni, na hakuna kingine kinachodai. Watu hupoteza muda mwingi kukisia mambo ambayo mfumo utayakokotoa wenyewe. Katika maji yasiyobanika, kwa mfano, shinikizo halina kumbukumbu hata kidogo. Linajipanga papo hapo kulingana na kasi. Ukiandika shinikizo baya mwanzoni, solva, yaani sehemu ya programu inayotatua milinganyo, italirekebisha hatua ya kwanza tu. Kinachohitaji uangalifu pale ni kasi, ambayo lazima iwe ya maji yasiyozidi wala kupungua ndani ya seli yoyote.

Katika gesi mambo yanageuka. Gesi inabanika, shinikizo lake ni ghala la kweli, na kosa la mwanzo linaondoka likiwa wimbi. Niliwahi kuletewa modeli ya bomba la hewa la mita 10, lenye vali katikati, na swali lilikuwa kwa nini vali inatetemesha bomba zima. Grafu ya shinikizo ilikuwa na mawimbi mazuri, kilele baada ya kilele, kila baada ya sekunde 0.06 hivi. Nilifanya jambo moja tu: nikaichelewesha saa ya kufungua vali, nikaendesha tena. Mawimbi yalibaki palepale yalipokuwa, yakianza sekunde sifuri, vali ikiwa bado haijaguswa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ndani ya mita 10 ni sekunde 0.059. Kumbe hewa yote ndani ya bomba ilikuwa imeandikiwa shinikizo la nje, wakati mlango wa kuingilia ulikuwa na shinikizo kubwa zaidi tangu mwanzo. Simulesheni ilianza kwa kishindo, na kwa kuwa ncha zote mbili zilikuwa zimefungiwa thamani ya shinikizo, kishindo kile kilikuwa kinagonga huku na kurudi kule bila njia ya kutokea. Vali haikuwa na hatia.

Habari ya mawimbi ya uongo ndiyo inayonifanya nimkumbuke sana Lewis Fry Richardson. Watu wakitaja hali za mwanzo, jina linalokuja haraka ni Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, ambaye mwaka 1961 alirudia hesabu yake ya hali ya hewa kwa kuingiza 0.506 badala ya 0.506127 na kuona matokeo yakiachana kabisa baada ya muda. Ni habari kubwa, lakini kwa mhandisi wa kawaida naona inafundisha somo la mbali. Wengi wetu hatuharibikiwi kwa sababu ya tarakimu ya nne. Tunaharibikiwa kama alivyoharibikiwa Richardson.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Richardson, Mwingereza aliyekuwa akihudumia magari ya wagonjwa nchini Ufaransa, alikokotoa kwa mkono utabiri wa hali ya hewa wa saa 6 kwa Ulaya ya kati. Alitumia vipimo vya tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokwisha kupita, ili aweze kulinganisha. (Karatasi zake zilipotea vitani mwaka 1917 na baadaye zikakutwa Ubelgiji chini ya rundo la makaa ya mawe.) Jibu alilopata na kulichapisha mwaka 1922, bila kulificha, ni kwamba shinikizo la hewa lingepanda kwa hektopaskali 145 ndani ya saa 6. Dhoruba kali kuliko zote haifanyi hivyo. Siku yenyewe shinikizo halikubadilika kwa kiasi cha kutajwa.

Milinganyo yake ilikuwa mizuri. Vipimo vyake, kimoja kimoja, vilikuwa vya kuridhisha. Kasoro ilikuwa kwamba vipimo vya upepo na vipimo vya shinikizo havikuelewana. Katika anga halisi upepo na shinikizo huishi katika mizani ya karibu sana. Katika jedwali la Richardson mizani hiyo ilivunjwa na makosa madogo ya upimaji, na milinganyo, kwa uaminifu wake wote, ikatafsiri ule uvunjifu kuwa mawimbi makubwa ya mvutano yanayokimbia angani. Miongo mingi baadaye mtaalamu wa hali ya hewa wa Ireland, Peter Lynch, alirudia hesabu ileile kwa kompyuta na kupata namba zilezile za ajabu. Kisha akachuja vipimo vya mwanzo ili kuondoa mtikisiko wa haraka, bila kugusa milinganyo. Mabadiliko ya shinikizo yakashuka hadi kiwango ambacho anga inaweza kukikubali.

Naliona tukio hilo katika kila modeli yenye sehemu zaidi ya moja. Kila namba inaweza kuwa sahihi ikisimama peke yake na zote zikawa uongo zikisimama pamoja. Halijoto ya boila imetolewa kwenye kipimo cha asubuhi, mtiririko umetolewa kwenye kipimo cha mchana. Pendulamu imeandikiwa mahali pa uzito wake unaoning'inia kwa viwianishi viwili, lakini viwianishi hivyo havikai kwenye duara la urefu wa fimbo; au vinakaa, ila kasi iliyoandikwa inaelekea nje ya duara. Programu nzuri zitakataa kuanza na kukuambia hali za mwanzo zinapingana, na watu huichukia ile arifa. Mimi naipokea kwa shukrani. Zinazonitia wasiwasi ni programu zinazosogeza namba zako kimya hadi zikubaliane, kisha zinaendelea. Kwa hizo, baada ya hatua ya kwanza, mimi hufungua matokeo na kulinganisha kilichoandikwa na kilichotumika.

Programu zenyewe zimechangia mkanganyiko mwingine kwa kutumia kisanduku kimoja kwa kazi mbili tofauti. Simulesheni ikifuata wakati, unachoandika pale ni sehemu ya fizikia. Ukitafuta hali tulivu ya mwisho, isiyobadilika tena, unachoandika ni makisio ya kuisaidia solva ifike. Makisio mabaya yatachelewesha au yatakwamisha, lakini jibu likipatikana halipaswi kuyakumbuka. Wana wa SPICE, ile programu ya saketi iliyozaliwa chuo kikuu cha Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliliona hili mapema na kuweka amri mbili: .NODESET kwa makisio, .IC kwa hali yenyewe. Laiti kila programu ingewaiga. Kwa mtiririko wa hewa na maji, makisio mazuri hupatikana kwa kutatua kwanza mtiririko uliorahisishwa, usio na mnato. OpenFOAM, programu huria ya mtiririko, ina potentialFoam kwa kazi hiyo, na ni dakika chache zinazookoa saa nyingi.

Nimesema jibu halipaswi kuyakumbuka makisio. Kuna mahali linayakumbuka, na hapo si kosa la mtu. Bawa la ndege likiinuliwa taratibu dhidi ya upepo, hewa inaendelea kulishika hadi pembe fulani ndipo inapobanduka na bawa linapoteza nguvu ya kuinua. Likishushwa, hewa hairudi kushika kwenye pembe ileile. Inasubiri mpaka bawa lishuke zaidi. Katikati kuna pembe zenye majibu mawili, yote tulivu, yote ya kweli. Solva iliyoanza na hewa iliyoshika itabaki na hewa iliyoshika. Iliyoanza na hewa iliyobanduka itabaki hivyo. Anayeandika ripoti yenye jibu moja bila kusema alianzia wapi amemnyima msomaji nusu ya habari. Kinyume chake kinatokea kwenye osileta, saketi ya kutoa mtetemo wa umeme: iliyopangwa kwa ulinganifu kamili hutulia kwenye nukta ya katikati na inaweza kukaa pale bila kutoa hata mtetemo, kwa sababu hakuna kelele wala tofauti ndogo ya kuisukuma kama ilivyo katika saketi halisi mezani. Inahitaji kusukumwa mwanzoni kwa volteji ndogo kwenye nodi (makutano ya waya) moja.

Kuna jaribio moja ambalo sijawahi kuona sababu ya kuliruka. Kabla ya tukio unalolichunguza, iendeshe modeli bila tukio. Bila tuta, bila uchimbaji, vali imefungwa. Kila kinachotikisika katika grafu hiyo kimetoka kwenye hali ya mwanzo, na unaweza kukipima ukubwa wake na kujua kinachukua muda gani kufifia. Kikiwa kidogo na kinafifia haraka, sogeza tukio mbele kidogo na uendelee. Kikiwa hakififii, kuna mizani uliyoivunja mahali. Kama mfumo haukubali kuanza katika utulivu kabisa, washa uzito polepole badala ya ghafla, ongeza msuguano wa muda wakati kinatulia, kisha uuondoe ule msuguano kabla ya tukio. Hilo la mwisho watu hulisahau, na modeli inabaki imefungwa breki hadi mwisho.

Ukishapata hali iliyotulia, ihifadhi. Itakuwa mwanzo wa simulesheni nyingine nyingi. Hapo angalia faili limebeba nini. Njia nyingi za kusogeza wakati zinatumia hatua mbili zilizopita kukokotoa inayofuata, wakati faili za kuendelezea hesabu mara nyingine hubeba moja tu, na programu inaanza upya kwa njia hafifu zaidi kwa hatua ya kwanza. Kwenye grafu hujitokeza kama ngazi ndogo pale hasa ulipoanzisha upya. Ukiiona, usiitafutie sababu ndani ya mtambo mpaka uwe umelifungua hilo faili.